Kadi Ipi, Bodi Ipi?

Kwetu tunaishi watatu: mwanangu, mkewe na mimi. Mwanangu ni fundi wa lifti. Mkewe anachora picha za vitabu vya shule. Mimi kazi yangu ni kuwasimamia, ingawa hakuna aliyeniajiri.

Mkamwana wangu alikuwa akichorea kwenye kompyuta ndogo ya zamani. Skrini yake ilikuwa imechoka na rangi zimefifia. Juzi alichora ini la binadamu kwa ajili ya kitabu cha sayansi. Kwenye skrini aliliona zuri. Lilipochapwa kwa majaribio, likatoka jekundu kama nyanya.

Mhariri akapiga simu.

"Dada, watoto watadhani mtu amemeza nyanya nzima! Nataka ini jipya kesho, kabla ya saa kumi. Ukishindwa, kitabu nitampa mchoraji mwingine."

Hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza kuchora chote peke yake. Jina lake lingekaa kwenye jalada. Usiku huo hakula vizuri. Nilikula mimi kwa niaba yake.

Mwanangu alikuwa amemaliza kumuundia kompyuta mpya ya mezani. Alinunua kipande kimoja kimoja, akavifunga mwenyewe ndani ya sanduku jeusi. Ilibaki skrini tu. Hiyo ilikuwa skrini ya hali ya juu, pana kama mlango wa kabati. Ililetwa kesho yake saa tano asubuhi, mwanangu akiwa kazini. Na akiwa ndani ya shimo la lifti, simu yake huiacha nje. Alituachia kikaratasi mezani. Kiliandikwa hivi:

"Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi."

Tukatazamana.

"Kadi ipi, Mama?" akaniuliza.

"Unaniuliza mimi? Mume ni wako."

Tukatafuta kadi. Ndani ya boksi la skrini tulipata kadi ya dhamana. Ilikuwa karatasi ngumu, haina hata tundu moja. Nikaigeuza juu chini. Nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Labda waya unafungwa hapa kwa uzi," nikasema.

"Mama, tafadhali."

"Basi na bodi ni nini? Mimi najua bodi la gari. Najua na bodi ya shule, ile ya wakubwa wanaokaa kikao."

Mkamwana akafikiri. "Labda bodi ni hili sanduku la nje. Anasema nisiugusishe waya kwenye bati."

Ikatuingia akilini. Tukaligeuza sanduku. Lo! Nyuma kulikuwa na matundu mengi kuliko chujio. Juu yalikuwa mengi, yamesimama wima. Chini yalikuwa machache, yamelala, na kila moja lilizibwa kwa kifuniko cha plastiki.

"Yale ya chini yamefungwa," akasema. "Si ya kutumia."

"Yamefungwa, ndiyo. Tuyaache na siri zao."

Akachomeka waya kwenye tundu la juu. Akawasha. Sanduku likanguruma. Taa zikawaka ndani kama za ukumbini. Lakini skrini ilibaki nyeusi. Maneno mawili tu yalitokea: "Hakuna ishara."

Akazima, akawasha tena. Hakuna ishara. Akachomoa, akachomeka. Hakuna ishara. Ikafika saa saba, kisha saa nane.

"Redio yetu ya zamani ikigoma tuliipiga kofi," nikasema, nikainua mkono.

"Mama! Usiiguse!"

"Nakukumbusha tu."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Skrini ni mbovu. Naifunga, nairudisha dukani."

Nilipomwona anashika gundi ya kufungia boksi, mzaha uliniishia. Nikaenda kumgongea jirani. Sisi humwita Mama Mifupa, kwa sababu anapiga picha za eksirei hospitalini. Siku nzima yuko mbele ya skrini kubwa. Siku hiyo alikuwa na mapumziko.

Akaja na ndara zake. Akakisoma kikaratasi, akacheka hadi akakaa.

"Bi mkubwa, bodi si la gari. Bodi ni ubao mkubwa ulio ndani ya sanduku. Kila kipande kimeshikwa na ubao huo. Haya matundu ya juu ndiyo ya bodi."

"Ndiko tulikochomeka!" akasema mkamwana.

"Ndiyo maana. Kadi ni kipande kingine, kimechomekwa kwenye ubao. Inaitwa kadi ya picha. Kazi yake ni kutengeneza picha tu. Matundu yake ni haya ya chini, yaliyolala."

"Lakini yamezibwa."

"Kifuniko kinazuia vumbi. Kivute, kinatoka."

Akakivuta. Kikatoka kama kizibo cha chupa. Saa tatu nzima kifuniko kile kilitutisha!

"Zima kwanza," akasema Mama Mifupa. "Tumia waya uliokuja na skrini, usiokote wa zamani. Ukisikia umejifunga, acha kusukuma. Siku ya kuchomoa, bonyeza hiki kijino. Usivute kwa nguvu."

Mkamwana akazima, akauchomeka waya chini, akawasha. Skrini ikawaka. Nilipiga kigelegele mpaka mtu wa ghorofa ya chini akagonga dari lake.

"Tulia kidogo, hatujamaliza," akasema Mama Mifupa. "Maandishi yana ukungu, unaona? Fungua mipangilio, sehemu ya skrini. Chagua ukubwa wa picha ulioandikwa kwenye boksi. Sasa tazama kasi. Hii skrini inaweza kubadilisha picha mara mia na ishirini kwa sekunde. Umeiacha kwenye sitini."

"Inafanya nusu ya kazi," nikasema. "Kama mwanangu Jumapili."

Maandishi yakawa makali kama wembe. Mwisho akabonyeza kitufe cha skrini yenyewe. Ilikuwa imewekwa rangi za michezo ya kompyuta, zinazong'aa kupita kiasi. Akaweka rangi halisi.

Mkamwana akafungua picha yake. Akashika mdomo.

"Yaani hivi ndivyo nilivyompelekea mhariri?"

"Mimi maini nayajua," akasema Mama Mifupa. "Tia kahawia."

Akachora bila kuinua kichwa. Saa kumi kasoro dakika sita, picha ikaenda. Tukangoja. Simu ikalia.

"Dada," akasema mhariri, "hili sasa ni ini. Endelea na figo."

Jioni mwanangu akarudi. "Mmeona nilivyowaelekeza vizuri?" akauliza. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya sanduku na rangi yangu ya kucha, naweka nukta kwenye bati, kando ya tundu la kadi, ili asiyejua kadi wala bodi alione.

"Nimepaka rangi ya ini," nikamwambia mkamwana.

Akachungulia.

"Mama, hiyo ni nyanya."