Mtoto Aliyefika Mwaka

Siku hiyo bombani Kalerwe, mtaa wa Kampala, palikuwa hapakaliki! Alum, mke wa polisi, alikwisha kujaza debe lake, lakini kuondoka hataki. Ubishi ulikuwa umenoga.

"Kenya iko mbele," alisema jirani yake Nasike, muuza nguo kutoka Bungoma. "Mmeona maghorofa ya Nairobi?"

"Maghorofa yanaliwa?" Alum akamjibu. "Sisi Uganda tuna ndizi za matoke, tuna samaki. Nyamaza tu, dada."

Wanawake wakacheka. Sista Teresa, nesi wa zahanati, akatua mkoba wake.

"Nchi hazilinganishwi hivyo," alisema. "Tunauliza watu wanapata kiasi gani, wanaishi miaka mingapi, wangapi wanajua kusoma. Tena katika kila watoto mia wanaozaliwa, wangapi wanafika mwaka mmoja? Hilo ndilo nitakalouliza leo nyumba kwa nyumba."

Alum aliogopa. Wakati ule wa utawala wa jeshi, mtu aliweza kuchukuliwa na wanajeshi kwa neno moja tu. Mumewe alikwisha kumwonya: ukisema watoto wanakufa, wataona unaitukana serikali.

Sista alipofika kwake, alimkuta amempakata Olanya, mwanawe wa miezi tisa.

"Umezaa wangapi, mama?"

"Huyu tu."

Sista akashusha pumzi. "Mtaa mzima hakuna aliyefiwa. Basi chanjo ya surua itaanzia kwingine, kwenye shida."

Alum alimtazama Olanya. Machozi yakamtoka.

"Sista, ngoja. Nilikuwa na Joska. Surua ilimchukua kabla hajatembea."

"Pole sana, mama. Jina lake sitalitaja popote. Nitamhesabu tu. Hesabu za mitaa yote zikijumlishwa, tunajua nchi imefika wapi tukijilinganisha na nchi nyingine. Tukiwaficha waliokufa, tutaonekana tumeendelea, na dawa haitakuja."

Alum hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimfunga mtoto mgongoni, mbio mpaka kwa Nasike, kisha kwa wengine. "Mwambieni Sista ukweli! Hataji majina!" Milango ikafunguka mmoja mmoja.

Haukupita mwezi, chanjo ikaja. Foleni ilizunguka bomba, Waganda, Wakenya na watu wa kaskazini kama Alum, wakitaniana kama kawaida yao.

Mvua ziliponyesha, surua nayo ikaingia mtaani. Olanya, aliyekwisha kuchanjwa, haikumgusa.

Siku mtoto alipotimiza mwaka, Alum alimpeleka zahanati, akamkalisha mezani mbele ya Sista Teresa.

"Mhesabu na huyu," alisema. "Amefika."