Tundu Kwenye Wavu wa Belarmino

Kila asubuhi ya likizo Yasna aliteremka ufukweni kumpelekea baba yake, Belarmino, mkate na chupa ya maji moto. Na kila asubuhi, kabla hajafika, aliwasikia simba-bahari wakibweka kwenye mwamba uliokuwa majini karibu na ufuko, na kunusa uvundo wao. Katika pwani hii ya kusini mwa Chile tunawaita mbwamwitu wa bahari, na jina hilo si la mapenzi. Yasna naye aliwachukia. Wezi wakubwa wa samaki wale!

Lakini leo miguu yake ilikuwa mizito. Jana, baba akiwa mazishini, alichukua boti bila ruhusa ili awaringie wenzake, na propela ya injini ikapita juu ya wavu wa baba uliotegwa. Hakumwambia mtu.

Alimkuta baba ameshautoa wavu majini. Tundu lilikuwa kubwa, ng'ombe angepita.

"Nani kafanya hivi?" baba alinguruma.

"Ni Chongo, baba," Yasna alidakia. "Nilimwona jana kwa macho yangu."

Chongo alikuwa dume mkubwa kuliko wote mwambani, mwenye manyoya mazito shingoni na jicho moja bovu. Yasna alimtaja kwa jina ili uongo wake unoge.

"Leo ni leo!" Belarmino aliruka, akanyakua bunduki yake botini.

"Muue kabisa!" alichochea Nolberto, ndugu yake Belarmino. "Huyo huyo ndiye anayenifilisi!"

Eduvina, mshonaji wa nyavu ambaye kila mtu alimwita shangazi, alikuwa ameketi pale pale na sindano yake. Mama yule alikuwa mkali, hata mbwa walimpisha njia. Aliuvuta wavu mapajani, akaukagua.

"Belarmino, acha hasira za mkizi. Vichwa viko wapi?"

"Vichwa gani tena?"

"Mbwamwitu hula tumbo la samaki, kichwa hukiacha kimenasa. Hapa hamna hata kimoja. Na jino huchana nyuzi ovyo. Hizi zimekatwa sawasawa."

"Mtoto kamwona, shangazi!"

"Kamwona Chongo? Mwezi wa Januari?" Eduvina alicheka kwa kejeli. "Yule hajashuka mwambani tangu Krismasi. Hali, haendi popote, analinda majike wake. Akiondoka, madume wengine watavamia, wapigane, wawaponde watoto. Na wewe ni mvuvi, hujui?"

"Hata kama si yeye, wote ni wezi!" Belarmino akaanza kuisukuma boti.

Yasna alitazama mwambani. Chongo alikuwa amekonda, mbavu zinaonekana. Chini yake watoto weusi walilia wakiwaita mama zao waliokwenda kuvua. Jike mmoja alitoka majini akaita, na katika kundi lote mtoto mmoja tu alimkimbilia, kwa kuijua sauti ya mama yake. Baba akivuka na kumuua Chongo, hao wote watapondwa kwa uongo wake Yasna.

Alishika kamba ya boti kwa mikono miwili.

"Baba, usiende! Ni mimi! Nilichukua boti jana, propela ikakata wavu."

Nolberto alitema mate mchangani. "Alaa! Kumbe mbwamwitu tunamfuga nyumbani."

Belarmino aliiweka bunduki chini. "Ningeua kwa neno lako, Yasna," alisema, na siku nzima hakumtazama tena.

Adhabu yake ilikuwa kushona. Wiki tatu Yasna alikaa kando ya Eduvina, vidole vimechubuka, akifunga fundo baada ya fundo na kutukanwa kwa kila lililolegea. Siku tundu lilipozibika, alithubutu kuuliza:

"Shangazi, kumbe unawapenda wale wanyama?"

"Niwapende? Toka hapa! Miaka arobaini nashona uharibifu wao. Nawachukia kuliko anavyowachukia baba yako." Eduvina alikata uzi kwa meno. "Lakini mbwamwitu akiiba, huacha vichwa wavuni, na kila mtu akajua ni yeye. Wewe uliharibu, ukamtwika asiye na mdomo wa kujitetea. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ukikosa, sema umekosa, hata kama wa kusingiziwa ni adui yako."

Kisha akamtupia wavu mwingine, wenye vichwa vitano vya samaki vimenasa.

"Huu sasa ni wao kweli. Shona."