Upepo wa Gurudumu la Sita

Gurudumu la sita lilikuwa na upepo.

Yale matano mengine yalikuwa yamelala kwenye uwanja wa vyuma chakavu kama ng'ombe waliokufa kwa kiu, mipira imepasuka, rimu zimeliwa na kutu. La sita lilisimama wima, limeegemea ukuta, na Fundi alipolipiga teke la kulijaribu, mguu wake ulirudi. Akalipiga tena. Likajibu kwa mlio mzito, kama mlango wa nyumba yenye watu.

"Umelijaza wewe?" akamuuliza muuza vyuma, ambaye watu wote walimwita Kutu.

"Nilijaze ili iweje? Mimi nauza kwa kilo, na upepo hauna kilo." Kutu akacheka peke yake. "Nimeyafukua yote sita kule kwenye kambi ya zamani. Askari waliyafukia wenyewe, sijui kwa nini. Hilo lilitoka hivyo hivyo, limevimba."

"Yamekaa ardhini muda gani?"

"Tangu waondoke. Miaka arobaini. Wewe ulikuwa kijana, mimi nilikuwa nanyonya."

Fundi alijua hakuna mpira unaoshika upepo miaka arobaini. Lakini furaha ilimziba masikio. Mwaka mzima na nusu alikuwa akiyatafuta magurudumu hayo kwa ajili ya lori lake la jeshi.

Lori lenyewe alilikuta nyuma ya kinu cha unga kilichofungwa, majani yameota hadi dirishani. Halikuwa na namba wala karatasi, na mtu alikuwa amelifunga magurudumu ya gari la mifugo, likasimama upande upande kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Fundi aliikwangua rangi tabaka kwa tabaka: buluu, chini yake nyeupe, chini yake kijivu, na chini ya zote kijani cha jeshi. Siku tatu alisugua fremu kwa msasa karibu na springi ya mbele kulia, na mkewe alimshikia tochi, akiimba kwa pua wimbo usio na maneno, sauti ikipanda mara tatu na kushuka mara moja. Namba ilipotokea kwenye chuma, mkewe aliinakili kwa kalamu kiganjani.

"Sasa ana jina," alisema. "Bado viatu tu."

Viatu vilichelewa. Msimu wa mvua uliopita kifua kilimbana mkewe, na kwa wiki mbili Fundi alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi zake, hadi asubuhi moja hakukuwa na ya kuhesabu. Tangu hapo nyumba ilibaki na viti vinne na mtu mmoja.

Magurudumu hayo yalikuwa na rimu za vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na rimu za namna hiyo zina sheria moja ambayo Fundi alikuwa ameifundisha gereji nzima enzi za kazi: ukilikuta gurudumu lina upepo, utoe wote kabla hujagusa nati hata moja. La sivyo chuma kinaruka, na kichwa chako kinakwenda nacho.

Kwa hiyo jioni ile, ndani ya karakana yake nyuma ya nyumba, alifungua kifuniko cha vali akabonyeza kipini kwa ncha ya bisibisi.

Upepo ukatoka. Ulinuka udongo mbichi, ukanuka tumbaku ya zamani. Upepo wa tairi hutoka baridi, kila fundi anajua. Huu ulikuwa na joto, joto la mtu anayekupuliza jichoni kukutoa vumbi.

Fundi akaachia kipini. Akapima kwa geji: kumi na nane.

"Umekaa humo muda mrefu, bwana," akasema, kisha akacheka, kwa sababu, ukimtoa Kutu, zilikuwa zimepita siku nne hajasema neno na mtu yeyote. "Pole. Nami nimekaa humu muda mrefu."

Akazima taa. Kesho atautoa, alijiambia.

Kesho yake geji ilisoma ishirini na moja.

Alipima mara tatu. Akabadilisha geji, akapima tena. Hakuna aliyeingia, na pampu ilikuwa haijawashwa mwezi mzima. Alipaswa kuogopa. Badala yake alivuta kigoda, akaketi mbele ya gurudumu kama mtu aliyetembelewa na mgeni, akaanza kusugua rimu ya pili huku akizungumza. Alilieleza habari za lori. Akalieleza habari za namba iliyoandikwa kiganjani, sabuni ya mkewe, wimbo wake, jinsi alivyokohoa mwishoni. Alijishangaa kuwa na maneno mengi namna ile.

Siku iliyofuata, ishirini na sita. Alipobonyeza kipini kidogo, kidogo tu, harufu ya tumbaku haikuwepo tena. Karakana nzima ilinuka sabuni.

Siku ya tano, gurudumu liliimba.

Ilikuwa mchana, mvua nyepesi ikigonga mabati. Fundi alikuwa chini ya lori, akipaka grisi, aliposikia sauti ikipanda mara tatu na kushuka mara moja, hafifu, ya pua, kutoka pale gurudumu liliposimama. Spana ilimtoka mkononi. Alilala pale chini bila kusogea mpaka grisi ikamgandia vidoleni, na machozi yakamtiririkia masikioni, na hakutaka ikome.

Tangu siku ile alifanya kazi kwa bidii ya bwana harusi. Alipata mipira mipya, akazivalisha zile rimu tano moja baada ya nyingine, akafunga nne chini ya lori na ya tano nyuma ya kabini. Lori likasimama sawa kwa mara ya kwanza. La sita halikuguswa. Alijiambia ni la akiba ya pili. Lakini kupanda kwenye kabini kulianza kumshinda. Akikanyaga ngazi moja anahema, akikanyaga ya pili anashika mlango na kusubiri dunia itulie. Geji ilisoma thelathini na tisa.

Binti yake alipiga simu kutoka mji mwingine.

"Baba, mbona unahema? Ulikuwa unakimbia?"

"Nani akimbie, mwanangu? Nimekaa."

"Umekaa unahema hivyo? Jumamosi tunakuja. Shule zimefungwa, mjukuu wako ananimaliza kwa maswali. Anataka kupanda lori la babu."

Fundi alitazama mlango wa karakana. "Njooni," akasema. Na kwa kweli alifurahi.

Alhamisi Kutu alileta nati sita alizokuwa ameahidi. Aliingia akipiga kelele kama kawaida, akasimama ghafla.

"Fundi. Nani yumo humu?"

"Mimi na wewe."

"Mwanamke gani anayeimba?"

Kutu aliufuata wimbo kwa macho mpaka kwenye gurudumu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, kofia ikamdondoka asiiokote.

"Mimi niliuza chuma," akanong'ona. "Sikuuza mtu. Sikiliza, kaka, nenda kwa Bibi wa Cherehani. Leo. Usilale na kitu hicho."

Bibi wa Cherehani alikuwa mshonaji mwenye duka dogo, na watu walimjua kwa mambo mawili: hachelewi na nguo, na majini humwogopa. Alimsikiliza Fundi bila kuacha kushona, pini tatu zikiwa midomoni.

"Kilipokuja kilinuka nini?" akauliza.

"Udongo. Tumbaku."

"Na sasa?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Sabuni yake."

"Nani alikiambia habari ya sabuni?"

Cherehani ikasimama.

"Ndugu yangu," mama yule alisema, sasa kwa sauti ya chini, "kile kilikuja uchi. Wewe umekishonea nguo kwa kipimo cha mkeo. Yeye hayumo mle. Kilichomo ni jini lililofungiwa na watu waliojua wanachofanya, linataka pumzi ili litoke, na pumzi linakunywa zako. Namba ya geji inapopanda, kifua chako kinashuka. Hujaliona hilo, na wewe ndiye fundi?"

"Nimeliona."

"Aa." Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kusutwa. "Basi sikiliza. Litoe uwanjani, mchana, mahali peupe. Kaa upande unakotokea upepo wa nje. Ng'oa vali yote, usitoe kidogo kidogo. Litakuita kwa jina alilokuwa akikuita yeye, usiitike. Na usivute hata tone la ule upepo, umenisikia? Ziba pua, ziba mdomo, mpaka liishe."

"Likiisha, ataimba tena?"

"Likiisha, utakuwa peke yako," alisema. "Ndiyo dawa yenyewe."

Ijumaa ilipita. Fundi aliligusa gurudumu mara kadhaa, akashika koleo, akaiweka chini. Jioni geji ilisoma arobaini na nane.

Jumamosi walifika. Mjukuu, wa miaka minne, alimrukia babu yake kiunoni, akaruka kwenye kabini, akapiga honi isiyolia, akauliza kila chombo kinafanya nini. Nyumba ilijaa. Kiti cha pili na cha tatu vilikaliwa. Binti aliosha vyombo akimsema baba yake kwa nini amekonda, na Fundi akamjibu kwamba mafuta yote ameyaweka kwenye lori, wakacheka mpaka binti akaketi.

Ndipo walipogundua mtoto hayupo.

Walimkuta karakanani. Alikuwa ameliegemea gurudumu la sita, shavu kwenye mpira, anatabasamu.

"Bibi ananifundisha wimbo," akasema, na akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mtoto. Kilikuwa kile cha msimu wa mvua, kikavu, chenye mluzi mwishoni. Binti alikitambua, ndoo aliyoshika ilimwagika. Fundi alimnyanyua mjukuu wake akamkabidhi kwa mama yake, akasikia kifua kidogo kikivuta na kukosa, kikivuta na kukosa. Hakuhitaji kupima. Alipima hata hivyo. Hamsini na tano.

"Mtoe nje. Mpeleke barabarani," akasema. "Msinifuate."

Akalisukuma gurudumu kwa bega, pumzi hana, akalipitisha mlangoni, akalivusha uzio, hadi kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba ambako jua la saa tisa lilikuwa limelala wazi juu ya changarawe, na kila lilipozunguka alisikia ndani yake kitu kikigeuka pamoja nalo kama mtu anayejigeuza kitandani, na lilipoanza kumwita, kwa lile jina ambalo hakuna mwingine aliye hai aliyelijua, alifunga midomo na kulilaza chini, akapiga magoti, akabana vali kwa koleo na kuzungusha, mara moja, mara mbili, na sauti ikambembeleza, ikamwambia mume wangu mbona mikono yako ina haraka, ikamwambia nyumba itakuwa kubwa, ikamwambia viti, ikamwambia hukuniaga, ulisinzia asubuhi ile na hukuniaga, na hilo lilikuwa kweli, na hakuwahi kulieleza gurudumu wala mtu, na vali ikang'oka.

Upepo ulitoka kwa mlio uliotawanya ndege juu ya paa. Changarawe ziliruka. Fundi alikaa upande aliofundishwa, kiganja kimeziba pua na mdomo, akasubiri. Ulitoka mrefu kuliko upepo wa matairi kumi. Ulitoka na udongo, na tumbaku, na vilio vya watu asiowajua. Nyuma yake, mbali, barabarani, alimsikia mjukuu akivuta pumzi moja ndefu, nzima, kisha akilia kwa nguvu, kilio kizuri chenye afya.

Mlio ukapungua. Ukawa mluzi. Ukawa wimbo, unapanda mara tatu.

Mwishoni kabisa ilibaki pumzi moja tu, yenye joto, yenye harufu ya sabuni. Fundi aliihesabu. Ilikuwa ile aliyoikosa aliposinzia.

Akaondoa kiganja usoni. Akainama mpaka kwenye tundu la vali.

Binti na mjukuu waliondoka Jumatatu, mtoto akiwa mzima, amezungushwa na lori mtaa mzima mara tatu. Gurudumu la sita lilipata mpira mpya, na upepo wa kawaida, baridi. Bibi wa Cherehani alipouliza kama limetoka lote, Fundi alijibu kwamba gurudumu ni tupu. Kifua chake kilikuwa kimefunguka. Alipanda kwenye kabini bila kusimama.

Baada ya wiki simu ililia. Alikuwa ameketi mezani, viti vitatu vikimtazama.

"Baba," binti alisema, "mbona leo una raha? Unaimba?"

"Siimbi."

"Nakusikia."

Fundi akafunga mdomo. Upande wa pili mjukuu alinyang'anya simu. "Babu! Mpe bibi niongee naye! Ameniambia likizo ijayo nije nilale kwake!"

Fundi alimpenda mtoto yule kuliko macho yake.

"Msije likizo ijayo, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Mwambie mama. Msije tena. Babu atakuwa safarini na lori."

Akakata simu. Akaizima kabisa, akaiweka kwenye droo. Kisha akabana pumzi, ili asikie vizuri.

Akaibana mpaka masikio yakavuma, mpaka nukta nyeusi zikacheza ukutani. Chini ya shati, kifua chake kiliendelea kupanda na kushuka, taratibu, kikipanda mara tatu, kikishuka mara moja.