Maranda Mapya

Mpaka leo, kila apitapo kwenye karakana ya seremala, harufu ya maranda humsimamisha. Papo hapo anarudi kuwa na miaka kumi na mmoja, amepiga magoti katika chumba cha nyuma kwa shangazi yake, anazoa uchafu wa panya kabla ya kwenda shule.

Shangazi alifuga panya weupe kwa ajili ya maabara ya chuo, na vizimba vyao vya waya vilijaa ukuta mzima. Binamu yake, aliyemwita Dada, alijaza chupa za maji na kutunza ufunguo wa chumba, ambao aliuvaa shingoni kwa maringo. Yeye alizoa maranda machafu na kumwaga mapya. Nyumba nzima ilimwita Kasuku. Ulikuwa utani mtupu, maana tangu ahamie pale, mwezi mmoja kabla ya hapo, maneno yake yalihesabika kwa vidole.

Siku moja Shangazi alileta panya majike wawili kutoka kwa mfugaji mwingine, ili kuongeza damu mpya. Akawaweka peke yao kibarazani na kutoa sharti: wakae wiki mbili bila kuchanganywa na wenyeji, wasije wakawa na ugonjwa, na hata wiki hizo zikiisha, mtu asiwaguse mpaka yeye mwenyewe awepo.

Siku ya tano Kasuku alishindwa kuvumilia. Wageni walikuwa wamejikunyata kwenye kona, ilhali kwenye kizimba kikubwa cha chumbani wenzao walilala wamerundikana kama maandazi kwenye bakuli. Aliwaonea huruma, tena huruma ya mtu anayeujua upweke. Dada alipotoka kuchukua maji na kuacha chumba wazi, Kasuku aliwabeba wageni, akawatia kwenye kizimba kikubwa, akaenda shule moyo mweupe.

Mchana aliporudi, aliomba ufunguo kama kawaida, akaingia, akakuta balaa. Mgeni mmoja alikuwa amening'inia juu kwenye waya akitetemeka. Wa pili alikuwa akifukuzwa na majike wenyeji huku na huku, sikio limechanika. Kasuku aliwarudisha kibarazani haraka, akafuta damu, akanyamaza. Maskini, alidhani jambo likifunikwa limekwisha.

Jioni Shangazi aliliona sikio. Alitambua ni meno ya panya wa chumbani, akamuuliza Dada, kwa kuwa ufunguo wa chumba ulikuwa wake, naye akajibu kwamba hajui, na kweli hakujua.

"Basi nipe ufunguo," Shangazi alisema kwa upole. "Utapumzika kwanza."

Dada alianza kufungua uzi shingoni, machozi yakimlengalenga. Nyumba hii ilikuwa imempokea Kasuku, na sasa akisema kweli huenda ikamtema. Alitazama vidole vya Dada vikihangaika na fundo, akaona hawezi kunyamaza.

"Shangazi, si Dada. Ni mimi. Walikuwa peke yao."

Shangazi hakumfukuza wala hakumchapa. Alimwagiza awahudumie wale wageni na kuwachunguza panya wote kila siku, asije akaugua hata mmoja kwa kosa lake. Kwa bahati nzuri hakuugua yeyote.

Wiki mbili zilipotimia, walikitoa kizimba kikubwa uani, wakakisugua kwa sabuni na maji ya moto. Wakatupa maranda yote ya zamani, wakahamishia chupa ya maji na kisanduku cha kulalia upande mwingine. Kisha wakamwaga maranda mapya, wakawaingiza wenyeji na wageni kwa pamoja. Panya walinusanusa kila pembe, wakapitana. Kufikia alasiri walikuwa rundo moja, na lile sikio lililochanika lilionekana katikati.

"Panya hujuana kwa harufu," Shangazi alisema. "Kizimba cha zamani kina wenyewe. Hiki kipya, wote ni wageni, hakuna wa kumfukuza mwenziwe."

Kasuku alikumbuka siku aliyofika. Vitanda vilikuwa uani, sakafu ya chumba cha wasichana bado mbichi, mashuka yote yameanikwa kwenye kamba. Alikuwa amedhani ni usafi wa kawaida tu.

"Hata siku ile niliyokuja mimi mlifanya hivi?" aliuliza.

Dada akacheka. "Nilinuna wiki nzima. Kitanda changu kilikuwa dirishani mpaka siku ile."

Shangazi aliwavuta wote wawili karibu. "Huruma ni nzuri, mwanangu, lakini uliza kwanza, maana huruma ya pupa huumiza. Na ukikosea sema mapema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hofu ya kufukuzwa uitoe moyoni. Mimi nilihamisha vitanda ili chumba kile kiwe chenu nyote wawili, na hakitarudi kuwa cha mmoja."