Maharagwe ya Kuhesabu Siku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, Kavuo alisikia mlio uleule: punje moja ya haragwe ikianguka ndani ya kopo la maziwa. Mama yake ndiye aliyeitia. Mama hakujua kusoma, na karatasi ya kliniki yenye tarehe aliichoma kwa aibu. Basi maharagwe ndiyo yaliyohesabu siku tangu Mariette, dada mkubwa wa Kavuo, alipoona hedhi yake ya mwisho.

Mariette alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka ule wa 2003 alikwenda Alimbongo kununua viazi vya kuuza Butembo, na njiani watu wenye bunduki wakambaka. Kesho yake alijikokota hadi kliniki, akapewa vidonge vya kuzuia mimba. Sasa nyumba nzima ilingoja damu. Baba yao, Edmond, alikwisha kutamka: mimba ikionekana, Mariette ataondoka kwenda kwa shangazi yake huko Luofu. Luofu, kwa barabara ileile ya Alimbongo.

Jumapili moja Kavuo alikuwa akichambua maharagwe ya chakula, akaligonga kopo la siku, likamwagika. Yote yakachanganyika. Akachota kwa kukisia, akalijaza tena, akafunga mdomo.

Jumanne mama akahesabu: arobaini na tano. Hedhi ya Mariette ilizoea kurudi siku ya ishirini na nane. Mama akamwambia baba idadi hiyo. Baba akamwambia Mariette afunge mzigo wake.

Mariette akaufunga kwa kitenge, akauweka mlangoni. Kavuo akamshika mkono.

"Yaya, hapana kwenda," alimwambia dada yake. "Maharagwe nilimwaga miye. Nikarudisha tu, sikuhesabu."

Baba akageuka. "Na ulinyamaza juu ya nini?"

"Niliogopa fimbo."

"Uliogopa fimbo," Mariette akasema, "mimi ukaniachia barabara."

Mama akawashika mabinti wote wawili mkono, akawapeleka kliniki, baba akafuata nyuma amekunja uso. Muuguzi, Mama Kahongya, akafungua daftari lake kubwa. Tarehe ya hedhi ile ya mwisho ilikuwamo. Zilikuwa zimepita siku thelathini na mbili tu. Akawaeleza kwamba vidonge vile huweza kuvuruga hedhi inayofuata: ikaja mapema au ikachelewa, ikawa nyingi au kidogo, na wengine huona matone kabla ya siku zao. Kuchelewa siku chache si ajabu. Ikichelewa zaidi ya wiki nzima, arudi apimwe.

Alhamisi damu ilikuja. Walirudi kumwarifu muuguzi, na baba akashusha pumzi, akasema kwamba sasa binti yake anaweza kubaki.

Mama Kahongya aliweka kalamu chini. "Na kama ingekuwa mimba, Papa Edmond? Mwenye bunduki ndiye aliyekosa, na wewe ulitaka kumfukuza aliyeumizwa." Kisha akamgeukia Kavuo. "Nawe, mutoto, ukikosea sema siku ileile. Kosa lako lilikuwa dogo. Kunyamaza kwako ndiko kulikokaribia kumrudisha dada yako kwa wale watu. Na mambo ya mwili msiyahesabu kwa hofu. Njoni muulize."



Nyumbani mzigo ulikuwa bado pale mlangoni. Mariette aliufungua mwenyewe.