Nisomee kwa Lugha ya Kwetu

"Sema 'nakubali', mpenzi. Watu wanasubiri."

Bibi harusi akaangalia karatasi iliyokuwa mezani. Afisa wa ndoa alikuwa ameyasoma masharti mbio mbio kwa lugha ya serikali. Bibi harusi, fundi cherehani, lugha hiyo aliijua, ile ya kuuzia nguo na kuambiwa nakupenda. Hii ya sheria ilimpita juu ya kichwa. Na mabinti zetu ndipo wanapomalizwa, hapo hapo pa kuona haya kuuliza.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa mama yake, kutoka benchi la nyuma: "Mwanangu, umeelewa alichosoma? Mimi sijaambulia kitu."

Akamgeukia afisa.

"Bwana afisa, naomba unisomee kwa lugha ya kwetu."

Bwana harusi, mpima ardhi aliyehamishiwa mkoani humo, akamfinya kiganja.

"Usinitie aibu! Wenzangu wa kazini wako hapa. Lugha ya shambani ndani ya ofisi ya serikali?"

"Mkoa huu zote mbili ni za serikali," afisa akasema. "Akiomba, sheria inanitaka nisome."

"Tutachelewa ukumbini!"

"Ukumbi hauna miguu, baba," mama mtu akadakia. "Tutaukuta."

Afisa akasoma upya, safari hii taratibu, kwa lugha ya nyumbani:

"Je, unaridhia kuwa mke wa pili wa bwana huyu, ukijua mke wa kwanza yu hai na ndoa yao haijavunjwa?"

Benchi la nyuma likaguna. Bibi harusi akageuka polepole.

"Una mke?"

"Kwani huyu amesoma nini?" Uchumba wote ule, hakujifunza hata kuwaamkia wakwe.

"Nimekuuliza, una mke?"

"Tulishaachana... moyoni. Ningekwambia tukishatulia. Nakupenda, sema tu nakubali, mengine tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"



Akavua pete ya uchumba, akaiweka mezani. Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka. Akamjibu kwa lugha ya kwao, neno baada ya neno, mpaka akamaliza. Mama yake alishafika mbele, amemshikia pochi.

"Amesema nini?" bwana harusi akamuuliza afisa, jasho likimchuruzika.

"Amekataa."

"Maneno yote yale, kukataa tu?"

"Yaliyobaki, bwana, sheria hainilazimishi kuyatafsiri."