Oili Aliyoichagua Marehemu

Ndugu zangu, mwenye gari kuukuu na asikilize, na mwenye msiba moyoni asikilize pia, maana habari hii inawahusu wote wawili.

Asubuhi za Kibondo huanza kwa ukungu. Mwaka 2013, kabla ukungu haujainuka, Tunu alikuwa ameshafunga turubai juu ya magunia ya maharage. Shemeji yake Mansuri alipiga stata, pikapu ikakohoa mara mbili, kisha ikaunguruma. Kila siku Tunu alisimama mlangoni kuusikiliza mlio ule mpaka upotelee kwenye barabara ya Kasulu. Mumewe, Khatibu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kati ya vitu vyote vya marehemu, pikapu ndiyo iliyobaki na sauti.

Ndiyo pia iliyolisha nyumba. Kaka mkubwa wa marehemu, mkazi wa Ujiji, alisema wazi baada ya arobaini: "Gari likiendelea kufanya kazi, watoto wakae na mama yao. Likifa, nitawachukua nikawalee huku." Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo, Tunu alijua kuwa injini ikizimika, mwanawe Firdausi na mdogo wake wataondoka.

Chini ya boneti palikuwa na kadi iliyofungwa kwa waya. Khatibu aliandika kwa mkono wake: "Oili semi-sintetiki, 5W-30." Hiyo ni oili ya mchanganyiko, sehemu ya kawaida na sehemu iliyotengenezwa kwa ustadi zaidi kiwandani. Aliichagua miaka mingi nyuma, gari likiwa bado na nguvu zake.

Siku moja Mansuri alisema, "Shemeji, gari linakula oili. Fundi Evaristi wa Kasulu anashauri tuweke nzito kidogo. Nayo ni semi-sintetiki vilevile, ila ni 10W-40."

"Kaka yako aliandika ngapi?"

"Aliandika thelathini."

"Basi. Mimi siwezi kumsahihisha mtu aliye kaburini."

Mansuri akageuka, akaenda kupakia mzigo. Hapo, ndugu zangu, ndipo nyumba ilipoanza kuharibika, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Oili ya marehemu ilikuwa ikiisha upesi, na Mansuri aliona haya kuomba nyingine kila mara. Akaanza kuongezea ile inayouzwa njiani kutoka kwenye pipa, inayopimwa kwa kopo, ambayo hakuna ajuaye imetoka wapi. Hakumwambia mtu. Naye Tunu alijiliwaza kwamba maadamu kadi inaheshimiwa, mambo ni salama. Mmoja alishika andiko, mwingine alishika siri. Injini haikushikwa na yeyote.

Moshi haufichiki. Sokoni, Mwajabu muuza mawese alimpokea Tunu kwa kicheko.

"Shoga, pikapu yako imejifunza kuvuta sigara? Leo imenifukiza mpaka mawese yangu yananuka!"

"Ni baridi tu ya asubuhi," Tunu alijibu.

"Baridi? Na jana saa saba mchana ilikuwa baridi gani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Tunu naye alicheka, ila alirudi nyumbani mapema.

Wiki iliyofuata alipanda gari mwenyewe kupeleka maharage Kasulu. Kabla ya kufika Makere, mlimani, taa nyekundu ya oili ikawaka.

"Ni waya tu zimelegea, shemeji," Mansuri alisema, akakanyaga mafuta.

Kisha Tunu akasikia mgongano mdogo ndani ya injini, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Mlio ule hakuwahi kuusikia mlangoni kwake.

"Zima gari."

"Tukisimama hapa na mzigo huu..."

"Mansuri, zima!"

Akazima. Walisubiri kando ya barabara mpaka Evaristi, aliyepigiwa simu, alipofika kwa pikipiki.

"Mwakeye, mama Firdausi," alisalimu kwa Kiha. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa kimelowa nchani tu, cheusi, kinanuka. "Hii siyo oili, ni uji wa masizi. Nani anatia nini humu?"

Mansuri alitazama viatu vyake, kisha akasema yote: pipa, kopo, aibu.

"Kwa nini hukuniambia?" Tunu aliuliza.

"Nilikuambia, shemeji. Ulimsikiliza kaka."

Evaristi alikirudisha kijiti mahali pake, akasema, "Marehemu nilimjua. Alikuwa anauliza maswali mpaka nachoka. Alichagua vizuri, kwa injini ya wakati ule. Thelathini ni nyepesi. Humu ndani sasa mmelika, inapenya na kuungua. Arobaini ikipata moto inabaki nzito zaidi, haipiti ovyo. Zote mbili nzuri. Tunaloangalia ni injini ya leo."

"Itapona?"

"Mmezima mapema, nina matumaini. Lakini oili haifufui chuma, mama. Inalinda kilichobaki."

Macho ya Tunu yalikuwa na maji aliposema, "Weka ya arobaini."

Lori liliwavuta hadi gereji ya Evaristi. Alimwaga uchafu ule wote, akabadili filta na sili zilizochakaa, zile za mpira zinazozuia oili kuvuja, akatia oili mpya kutoka kwenye kopo la kiwandani lililofunguliwa mbele ya macho yao. Siku ya tatu pikapu iliwaka. Ilitoa moshi kidogo, ukapungua, na ko-ko-ko haikusikika. Haikuwa mpya, bado ilihitaji kuongezewa mara moja moja. Lakini ilipanda mlima na mzigo wake, na wanawe Tunu hawakwenda Ujiji isipokuwa kusalimia wakati wa likizo.

Sasa Tunu hupima oili mwenyewe kabla ya safari, Mansuri kasimama kando na kitambaa.

"Umekuwa fundi, shoga?" Mwajabu alimtania.

"Nimekuwa mwenye gari," alijibu.

FUNZO

Gari la zamani lisiwekewe oili kwa mazoea wala kwa ubahili. Soma kitabu chake, muulize fundi unayemwamini, tazama hali ya injini ilivyo leo, na usiongezee kitu usichojua kilikotoka. Taa nyekundu ikiwaka, simama.

Na ninyi mnaoomboleza: anayekuletea habari mbaya ya nyumba yako msikilize mara ya kwanza, kwani mara ya pili huenda asije. Aliyetangulia alichagua kwa siku zake, akiuliza na kujifunza. Tukitaka kumuenzi, nasi tuulize. Wafu wetu tuwaombee dua. Habari za injini tuwaulize walio hai.